Tangazo la Mtamba wa Rukara

Jumanne, tarehe 8 Oktoba. Mvua ilikuwa imekatika kabla ya alfajiri, na ukungu ulijaza mabonde ya Masisi hata vikaonekana vilele tu vya vilima. Baridi ilikuwa kali. Nilipanda kilima cha radio nikiwa nimevaa sweta mbili na buti za plastiki, rozari mkononi kama kila asubuhi. Nilikuwa kwenye tendo la tatu la uchungu nilipomwona Élie, fundi wetu, amesimama mlangoni. Saa hiyo huwa ndani, anawasha mtambo.

"Mama Thacienne," akasema, "leo usome muzuri. Pengine njo mara ya mwisho."

"Unasema nini?"

"Banakuja leo. Direkta wa Goma na ule mwenye kununua. Direkta alinipigia simu jana."

Niliingia, nikakaa mbele ya mikro, nikafanya ishara ya msalaba. Saa kumi na mbili kamili nikasoma matangazo. Siku hiyo yalikuwa manne: msiba mmoja wa Kirotshe, mkutano wa wazazi wa shule, bei mpya ya maziwa, na fahali mweusi aliyepotea upande wa Kashuga. Nilisoma polepole. Sauti ilitetemeka kidogo kwenye jina la marehemu, nikalirudia.

Lazima nieleze radio yetu ni ya namna gani. Kampuni iko Goma, na ilikuwa na vituo saba. Vitano ni vya FM, viko mijini, na vinapata biashara: bia, simu, sabuni. Viwili vilikuwa vya mawimbi ya kati, hiki chetu cha Masisi na kile cha Walikale. Mawimbi ya kati hayaimbi vizuri kama FM, yanakwaruza, lakini yanafika mbali, yanapita vilima na kuingia msituni mahali ambapo simu haijafika. Wanaotusikiliza ni wafugaji, wakulima na wawindaji, watu wasio na cha kutangaza ila vifo vyao na ng'ombe wao. Kwa hiyo kampuni ilituita vituo dhaifu. Mwezi wa Agosti iliuza kile cha Walikale. Mnunuzi aliuangusha mnara kwa siku mbili, akaupakia kwenye lori.

Na mimi lazima niseme kwa nini jambo hili lilinigusa kuliko wengine. Sikusoma utotoni. Nilikamua, nikatengeneza fromaji, jibini ya kwetu, nikazaa, nikafiwa na mume. Binti yangu Christa aliolewa na kijana wa Walikale, wakaenda kuishi kijiji cha ndani kabisa, siku mbili kwa miguu kutoka barabarani. Huko hakuna simu. Kitu pekee kinachofika kutoka kwetu ni radio yetu. Wakati huo nilikuwa na miaka arobaini na tisa. Nikaenda parokiani, kwenye darasa la jioni la watu wazima, nikakaa benchi moja na wake wa umri wa mwanangu. Nilimwomba Mungu anipe herufi kabla hajanipa kifo. Baada ya miaka miwili nilikuwa nasoma. Baada ya mwaka mwingine msomaji wa zamani alihamia Goma, nami nikapewa nafasi yake.

Salamu za binafsi zimekatazwa kituoni. Sijawahi kumtaja Christa. Lakini anapoisikia sauti yangu saa kumi na mbili, anajua mama yake ameamka. Mwaka jana mbeba mawese mmoja aliniletea ujumbe wake: "Mama, Jumatatu ulikohoa. Kunywa tangawizi." Nililia mbele ya yule mtu, hata akaniuliza kama kuna aliyekufa.

Saa tatu gari likafika chini ya kilima, likashindwa na matope. Wakapanda kwa miguu. Mbele alikuwa Thierry, direkta, kijana wa viatu vyeusi ambavyo havikuwa tena vyeusi. Nyuma yake mtu mnene, mwenye kofia ya kufuma, anahema.

"Huyu ni Papa Bienvenu," Thierry akasema. "Mufanyabiashara wa Walikale."

Élie, ambaye naye ni mtoto wa Walikale, alimwangalia kutoka kofia hadi buti.

"Tunamujua. Papa Bienvenu, ulikula munara wa kwetu, tumbo haiyajaa?"

"Mutoto, chuma haiko chakula," Bienvenu akajibu bila kukasirika. "Onyesha ile yenye nitanunua."

Élie akawaonyesha. Chumba cha mtambo, jenereta, mnara wenyewe. Kisha akawapeleka nje kwenye majani, ambako ng'ombe wa mzee Rukara walikuwa wakila, akapiga ardhi kwa kisigino.

"Hapa chini kuko nyaya za shaba. Mia moja na makumi mbili. Zinatoka ku munara, zinaenda kila upande kama mizizi. Njo zinasukuma sauti. Bila hizi, ule munara ni muti wa kukausha nguo."

Bienvenu akainama, akagusa majani kama mtu anayepima kitambaa. "Shaba tupu?"

"Shaba tupu."

"Basi tutachimba."

Nilikuwa nimejidanganya kwamba labda mnunuzi angependa radio. Huyu alitaka shaba.

Lakini nilikuwa na tumaini moja, nalo lilikuwa Papa Rukara.

Kilima ni chake. Mwaka kampuni ilipokuja kutafuta mahali, yeye ndiye aliyewapa. Nilikuwapo, kwa sababu mimi ndiye niliyebeba maziwa ya sherehe. Alisimama mbele ya watu akasema: "Ninawapa kilima hiki kama ninavyompa mtu ng'ombe." Sisi wote wa Masisi tulielewa. Mtu akikupa ng'ombe, unamkamua, unamtunza, ni wako. Lakini humuuzi kabla hujamrudisha mlangoni kwa aliyekupa na kumwuliza. Na ndama jike wa kwanza unampelekea. Ukimficha ndama huyo, aliyekupa ana haki ya kuchukua kila kitu. Rukara aliendelea: "Ndama wangu atakuwa huyu: ng'ombe wa hapa akipotea, mtamwita bure. Mtu wetu akifa, mtamtaja bure." Mtu wa kampuni alikunywa maziwa, akashika mkono wa mzee, akarudi Goma, akaandika kwenye karatasi neno moja tu, zawadi.

Kwa hiyo nilijua kwamba Rukara akisema hapana, hakuna jembe litakalogusa majani yale.

Alikuja na fimbo yake, koti refu, na mwanawe nyuma amebeba kibuyu cha maziwa ya kuganda. Mzee hawezi kumpokea mgeni mikono mitupu, hata mgeni asiyempenda. Bienvenu alipewa kwanza. Watu wa msituni hawakuzoea maziwa hayo. Alifumba macho, akameza, uso ukakunjika.

"Iko muzuri," akasema.

"Kwa uongo huo, kunywa tena," Rukara akamwambia, na wote tukacheka, hata Thierry.

Kisha Thierry akatoa karatasi. Akaeleza kwa heshima kwamba kampuni inauza kila kilichoko kilimani, kwamba kisheria kilima kilikuwa zawadi, lakini kwa heshima ya mzee amekuja kumpa habari.

Nilimtazama Rukara. Élie naye alimtazama. Mzee akasafisha koo.

"Chimbeni," akasema.

Thierry mwenyewe alishangaa. "Papa, hakuna shida?"

"Chimbeni. Mukimaliza, nitapanda majani. Ile radio ilinitupa. Na mimi naitupa."

"Ilikutupa wapi, Papa?" Élie akauliza.

"Mwezi wa pili. Mutamba wangu Gaju alipotea. Mwekundu, alama nyeupe hapa." Akajigusa paji la uso. "Nilituma karatasi. Nilikaa na poste yangu ya radio siku tatu, asubuhi zote. Bakaita ngombe za Sebarenzi, bakaita mbuzi. Gaju, hapana. Ule mutamba alikuwa Kashuga, siku mbili mwenye uzima. Bantu banamuona, hawajui ni wa nani. Siku ya tatu akaanguka mu bonde. Basi, Goma walikata komunike zangu juu sina pesa ya kuwapa. Njo vile walifanya ndama yangu. Waliificha."

Akageuka, akaanza kushuka, fimbo ikizama kwenye matope.

Niliingia ndani. Kuna stoo ndogo nyuma ya chumba cha mtambo, tunamoweka mafuta ya jenereta. Nikapiga magoti hapo, nikafungua Biblia yangu kwenye Zaburi. Ndani yake kulikuwa na karatasi iliyokunjwa mara nne. Ilikuwa hapo tangu Februari.

Kampuni haikukata tangazo la Rukara. Nililikata mimi. Karatasi ilinifikia imelowa mvua, herufi zimeshikana, na ilikuwa imebaki dakika moja kabla ya saa kumi na mbili. Niliweza kusoma "Rukara", na "nyekundu", basi. Ningeweza kumwita Élie. Lakini wiki ile nilikuwa nimekwama kwenye jina la mgeni, naye akanitania, "Mama, darasa la jioni lilifunga mapema?" Nilikuwa nimecheka pamoja naye, ila nilichomwa. Kwa hiyo nikairuka karatasi ya Rukara. Nikajiambia nitaitafuta maana yake baadaye, nitaisoma kesho. Kesho yake niliogopa kuulizwa kwa nini si jana. Siku ya tatu nikasikia mtamba amekufa. Nikaificha ndani ya Zaburi, mahali ambapo nilijua ningeiona kila siku, na niliiona kila siku.

Nilisali hivi, bila kupamba: "Bwana, nikisema, nitafukuzwa, na Christa hatanisikia tena. Nikinyamaza, watachimba, na Christa hatanisikia tena. Nionyeshe kama kuna njia ya tatu." Nilingoja. Sikusikia kitu isipokuwa jenereta. Nikaelewa kwamba hakuna njia ya tatu, na kwamba kati ya zile mbili moja ilikuwa na ukweli ndani yake.

Nikatoka mbio. Rukara alikuwa amefika karibu na ng'ombe wake.

"Papa Rukara! Ngoja!"

Akasimama. Wengine wakatufuata, wakidhani kuna ajali. Nilipiga magoti kwenye majani mabichi, nikamtolea karatasi kwa mikono miwili.

"Papa, kampuni haikukutupa. Ni mimi. Tangazo la Gaju lilinifikia. Sikuweza kulisoma, nikaona haya kuuliza, nikaliruka. Nimelificha miezi minane."

Alichukua karatasi. Yeye mwenyewe hajui kusoma, lakini alimtambua Gaju: mjukuu wake alikuwa amemchora pembeni, ng'ombe mdogo mwenye doa usoni. Aliangalia mchoro ule muda mrefu. Ng'ombe mmoja alikohoa.

"Wewe Thacienne," akasema mwishowe. "Wewe mwenye ulibeba maziwa ile siku."

"Ndiyo, Papa."

"Ulisikia mwenyewe nilichosema."

"Nilisikia. Na aliyeficha ndama ni mimi."

Élie alivua kofia. "Papa, na mimi nilimuchekaka. Njo maana hakuniuliza."

"Wewe nyamaza kwanza, zamu yako itafika." Mzee akakunja karatasi, akaitia ndani ya koti. Kisha akamgeukia Thierry, na sauti yake ilikuwa nyingine kabisa, sauti ya mwenye ng'ombe. "Direkta, karatasi yako inasema zawadi. Mimi nilitoa kilima vile muntu anatoa ngombe. Bashahidi iko, mumoja ni huyu hapa amepiga magoti, mwingine ni Emérita wa fromaji, na katekista iko nyumbani kwake. Kama mulitaka kuuza, mungeanza kwangu, ku mulango. Nilisema chimbeni juu nilizani mulinidharau. Sasa najua haikuwa ninyi. Neno langu nalirudisha. Hakuna muntu atachimba."

"Papa, lakini kisheria..."

"Wacha," Bienvenu akasema.

Wote tukamgeukia. Alikuwa ameketi juu ya jiwe, bado ana ladha ya maziwa mdomoni, anajipangusa.

"Kwetu ni paja," akasema. "Mwenye pori anakuacha uwinde. Ukiua munyama, unamupelekea paja. Usipopeleka, pori inarudia mwenyewe, na mitego yako inabakia mule. Babu yangu alipoteza mitego kumi na moja hivyo. Direkta, uliniuzia pori ya muntu mwingine."

"Basi hununui?" Thierry akauliza. Alionekana kuchoka. Viatu vyake vilikuwa vimeharibika kabisa.

Bienvenu alivua kofia yake ya kufuma, akaipigapiga gotini.

"Munara wa Walikale niliubomoa mwezi wa munane," akasema. "Shangazi yangu alikufa mwezi wa kenda. Ule alinilea. Zamani tungesikia ku radio, familia yote inakuja. Safari hii radio ilikuwa ndani ya lori yangu, vipande vipande. Nilisikia ameshazikwa siku nne. Mujomba wangu hanisalimie mpaka leo. Akaniambia: tafuta Masisi ku poste yako, labda bale ba Masisi watakutangazia kifo cha mama yako." Akatazama mnara wetu, kutoka chini hadi juu. "Kila asubuhi nasikia huyu mama. Sikujua ni mufupi hivi."

Élie alicheka kwanza, kisha sisi wote, mimi nikiwa bado magotini.

Mazungumzo yalichukua saa mbili. Thierry alipanda juu ya mwamba ambako mtandao unapatikana, akapiga simu Goma, akashuka, akapanda tena. Kampuni ilitaka tu kuondoa kituo hiki mikononi mwake. Haikujali kitafanya nini baadaye. Ikakubaliwa hivi: Bienvenu ananunua mtambo, nyumba, mnara na nyaya, lakini vyote vinabaki pale vilipo. Kilima kinabaki cha Rukara. Bienvenu atatangaza siku ambazo malori yake yanapanda na kushuka, na hayo ndiyo maziwa yake. Ndama wa Rukara anabaki kama zamani, ng'ombe na vifo, bure. Na watu wa Walikale nao watajwe bure. Bienvenu alisisitiza hilo, akalisema mara tatu.

"Karatasi tutaandika Goma," Thierry akasema.

"Andika unachotaka," Rukara akamjibu. "Hapa tunasema kwa mudomo."

Akaagiza kibuyu kirudi. Emérita na katekista waliitwa, wakaja wakihema. Bienvenu akasimama, akakishika kibuyu kwa mikono yote miwili, akasema kwa sauti kwamba hatachimba, hatabomoa, na kama siku moja atashindwa, atamrudishia Rukara mlangoni kwanza. Akanywa. Safari hii hakufumba macho, ingawa alitaka.

Nilidhani imekwisha. Nilianza kukusanya kitambaa changu na Biblia. Nilikuwa nimejiandaa kumwambia Élie mahali ninapoweka funguo.

"Unaenda wapi?" Rukara akauliza.

"Nyumbani, Papa. Aliyeficha ndama hawezi kupewa ng'ombe tena."

"Nani alikwambia? Aliyeficha ndama, kama amekuja mwenyewe mlangoni, anasema mbele ya bashahidi, na anaambiwa arudi kazini. Kama alikamatwa njo anafukuzwa. Mimi sikukukamata." Akanyoosha fimbo kuelekea nyumba ya radio. "Lakini bashahidi hawa hawatoshi. Gaju hakuitwa na muntu. Bale wote hawakusikia jina lake, basikie lako. Élie, fungua ile kintu."

"Saa hizi? Saa saba? Hatuko na kipindi."

"Fungua."

Élie akawasha. Nilikaa mbele ya mikro. Rukara alisimama mlangoni kwa sababu hapendi chumba kile, anasema kinanuka mafuta. Thierry, Bienvenu, Emérita na katekista walijipanga ukutani. Taa nyekundu ikawaka. Nilifikiri juu ya Christa, kama yuko shambani saa hiyo, kama poste imezimwa ili kuhifadhi betri. Labda hatasikia. Labda jirani atasikia na kumwambia. Nilifanya ishara ya msalaba.

"Ndugu wasikilizaji, samahani kwa saa hii. Kwanza ninasoma tangazo la Februari ambalo sikulisoma. Papa Rukara wa Masisi alipotelewa na mtamba mwekundu, mwenye alama nyeupe kwenye paji la uso, jina lake Gaju. Amekwisha kufa. Kosa ni langu. Sasa mbele ya Papa Rukara, mbele ya Papa Bienvenu wa Walikale, direkta Thierry, fundi Élie, Mama Emérita na katekista wetu, na mbele yenu nyote mnaonisikia, mimi Thacienne ninaahidi: karatasi yoyote itakayoletwa hapa nitaisoma. Nisipoiweza, nitauliza mtu, hata akinicheka. Sitaruka tena jina la mtu wala la ng'ombe, Mungu anisaidie. Na kesho saa kumi na mbili nitakuwa hapa."